Marehemu Ausi Abdala, Aliyeitikia Shikamoo za Mbali

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Wazee wetu, mama zetu na majirani mliofika hapa Mlingotini, historia hii inasomwa na Ridhiwani, mtoto wa kwanza wa marehemu, kwa niaba ya familia, na yeye mwenyewe ametajwa humu, na hajapendelewa.

Marehemu Ausi Abdala alizaliwa hapa hapa Mlingotini tarehe 14 Machi 1968, akasoma chuo cha Kurani, kisha shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, na kwa kuwa hesabu zilimkataa naye akazikataa, akashika upishi, kazi iliyompeleka kwenye meli za mizigo mwaka 1994. Alimuoa Bi Shufaa mwaka 1999, wakajaaliwa watoto wawili, Ridhiwani mwaka 2001 na Adila mwaka 2004.

Mwezi Agosti 2008, katika bandari ya ugenini, ndani ya magunia ya unga aliyoyatilia sahihi kwa lugha asiyoijua, zilikutwa dawa za kulevya, wenye mali wakatoweka, mpishi akahukumiwa miaka kumi na mmoja. Mwaka 2011 alimwandikia Bi Shufaa talaka, akampa imamu wa gereza aitume, akieleza kuwa mwanamke hafungwi kwa kesi ya mumewe. Bi Shufaa alilia, akakaa eda, na baadaye akaolewa na Mzee Mikdad, aliyewalea watoto wale kama wake.

Marehemu alirejea tarehe 3 Juni 2019. Adila alimwamkia, ila Ridhiwani, aliyeamini kuwa baba aliyeandika talaka ndiye aliyewatupa, alimuuliza habari za safari kama anavyoulizwa mpita njia, na kwa miaka mitatu hakumpa shikamoo. Marehemu hakuidai, alifungua mgahawa wake karibu na soko la samaki, akauza supu ya pweza na chapati, na akiulizwa juu ya kijana huyo husema kuzaa si kazi, kazi kulea, na kazi hiyo kaifanya mwenzangu.

Mwaka 2022 alifika Bwana Ishaka wa Saadani, aliyefungwa naye miaka sita, akaomba aonyeshwe Ridhiwani ni yupi, kwani kule gerezani kila baada ya sala ya alfajiri alimsikia marehemu akisema marahaba Ridhiwani, marahaba Adila, akiwaitikia watoto wasiokuwapo, ili siku wakimwamkia asiwe amesahau. Asubuhi iliyofuata Ridhiwani alikwenda mgahawani, akasema shikamoo baba, marehemu akaitikia, na chapati iliyokuwa jikoni ikaungua, jambo ambalo hakuwahi kumsamehe mpishi yeyote.

Alianza kuugua figo mwaka 2023, akatibiwa Bagamoyo na Muhimbili, hadi alipofariki nyumbani jana, Jumapili, tarehe 9 Februari 2025. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumuuguza, wapishi wenzake, na Bi Shufaa, aliyempelekea uji bila kujali maneno ya watu.

Marehemu aliusia kuwa watakaoingia kaburini kumpokea wawe Ridhiwani na Mzee Mikdad, kwani mtoto akishamlaza babake, alisema, asikose baba wa kumshika mkono atoke. Mzee Mikdad, familia inakuomba usogee. Nawe baba, umeshafika kwenu, Mola akupumzishe kwa amani.