Kiganja Juu ya Gires

Sogeeni, wanangu. Afnan, kaa upande wa sikio langu zima, na wewe Munir izime hiyo simu, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Nyumba hii ya Edmonton, hapa London, na vilivyomo vitagawiwa kama dini ilivyoagiza, sina la kuongeza. Lakini kiti changu cha kuchagua wachezaji pale klabuni kwetu, kwenye mpira wa Kimarekani, si mali, nacho nakuachieni nyote wawili, na sauti zenu humo ni sawa.

Linalobaki ni Gires, mlinzi wetu wa kati.

Jumatatu mtakaa kuamua abaki au aachwe. Munir, unasema amezeeka, na kijana wako mrefu yuko tayari kushika nafasi yake. Afnan, takwimu zako zinasema msimu huu hakumwangusha mrushaji wa mpira hata mara moja, na hesabu zako sijawahi kuzishuku. Lakini nyumba njema si mlango. Mlinzi wa kati hawekwi pale akamate watu. Anawekwa asimame mahali mpira unapoanzia, asukumwe na jitu la kwanza la wapinzani, aongezewe la pili, naye asihame, ili mkimbiaji mwenye mpira akute njia imezibwa. Anayemkamata ni mwingine, aliyekuja mbio kutoka nyuma bila kuguswa, na jina linalotangazwa uwanjani ni la huyo. Kwetu Pemba, kwenye mchezo wa ng'ombe, watu walimshangilia anayecheza na kitambaa mbele ya pembe. Aliyeshika kamba, ambaye akilegeza kidogo mtu anakufa, hakuna aliyemwimba. Babu yenu alikuwa mshika kamba, ndiyo maana macho yangu yalizoea kutazama huko.

Basi hiki ndicho kipimo changu, kirithini. Chezesheni picha za mechi bila sauti. Wekeni kiganja juu ya kioo, mfunikeni msimwone kabisa, kisha watazameni walio nyuma yake. Wakikimbia huru, aliye chini ya kiganja anafanya kazi. Wakikumbana na majitu, amekwisha, hata awe na jina gani. Nimefanya hivyo wiki hii hapa kitandani, mpaka Njeri anayenihudumia akaniuliza, "Mzee, kama hutaki kuitazama si niizime tu?" Nikamwambia sijawahi kuitazama vizuri kama leo.

Nilichokiona ni hiki. Akisimama kushoto, bado ni ukuta. Akisimama kulia, tangu goti lile liumie, anageuza bega na walio nyuma yake wanasombwa. Na wapinzani wanapokuwa hawana budi kuurusha mpira, yeye hafai kitu. Kwa hiyo abaki msimu mmoja, asimame kushoto, atolewe wakati wa kurusha, na huyo kijana mrefu ajifunze kwake. Msimwongezee huruma, huruma si kipimo. Siku na kushoto kutakapomshinda, aambiwe siku hiyohiyo, ana kwa ana, na wa kumwambia awe wewe, Munir.

Kwa nini wewe? Kwa sababu nilizirudia na picha za zamani, nikafunika kwa kiganja hikihiki, na aliyekuwa akikimbia huru nyuma ya Gires, akikamata watu, akitangazwa uwanja mzima, ulikuwa wewe. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Sikulaumu, uliachiwa njia ukaipita vizuri. Ila usimpime kana kwamba hukuwahi kuuona mgongo wake.

Usinijibu Kiingereza, baba. Usinijibu kabisa. Nipe maji.

Afnan, usilie ndani ya hicho kinasa sauti unachonirekodia wasia, watu wanataka kusikia. Kanzu zangu wapeni vijana wa msikitini. Mazishi yasingoje ndugu wa mbali. Na watu watakuulizeni Shaame alifanya nini hapa London miaka yote ile, maana jina langu halikutangazwa popote. Msiwajibu. Nifunikeni na mimi... kiganja tu... kisha mjitazame nyinyi, kama mlikimbia huru.

Mungu akupeni miguu mizito, wanangu, msihamishwe ovyo. Akupeni na wa kusimama mbele yenu.

Munir. Mkono wako. Hapa, juu ya macho.