Bwana Katsurada, Mpigaji wa Kipindi cha Nane

Tarehe 30 Novemba, Bwana Mitsuharu Katsurada atastaafu rasmi baada ya kuitumikia klabu yetu ya besiboli, Korongo wa Matsuyama, kwa miaka kumi na tisa. Ofisi imeniomba mimi, Asanuma, mtangazaji wa uwanja, niandike wasifu wake, kwa kuwa hakuna aliyelitaja jina lake kwenye kipaza sauti mara nyingi kama mimi. Nilikubali upesi. Nilipokaa kuandika ndipo nilipogundua kwamba sijui hasa alikuwa akifanya nini.

Kwenye karatasi mambo ni mepesi. Amecheza mechi 1,012. Nne kati ya hizo alicheza tangu mwanzo, zote katika mwaka wake wa kwanza, na zote tulifungwa. Tangu hapo amekuwa mpigaji wa akiba: anakaa benchi mpaka kipindi cha nane kati ya vile tisa, mambo yakiwa yamebana, kisha anaitwa apige badala ya mwenzake. Akipiga, akikosa, anarudi kukaa. Dakika tano za kazi, saa tatu za kungoja.

Bi. Hatsue, mfuaji wetu wa jezi, alichanganyikiwa kabla yangu. Mwaka wa pili wa Bwana Katsurada alimfuata mpaka mlangoni. "Mwanangu, wamekuachisha kazi? Mbona jezi yako haina hata vumbi?" Bwana Katsurada aliona haya. Kuanzia siku hiyo akawa anajipaka udongo magotini kabla ya kuitupa jezi kapuni, ili asimtie wasiwasi. Bi. Hatsue, aliyekuwa akiusugua udongo huo kwa mikono yake miwili, alipoupata ukweli alimnunia mwezi mzima.

Halafu kuna zile mara themanini na tatu. Bwana Katsurada hupiga kwa mkono wa kushoto, na warushaji, wale wanaomtupia mpigaji mpira, wakiwa wa mkono wa kushoto humsumbua tangu utoto. Kila timu inajua. Kwa hiyo nikishatangaza jina lake, mara nyingine wapinzani humtoa mrushaji wao na kumleta wa kushoto. Nasi hapo hapo humrudisha benchi Bwana Katsurada na kumwingiza mpigaji wa kulia. Kwa kanuni zetu, jina likishatangazwa mtu amecheza, hata kama hakutupiwa mpira hata mmoja, na akishatolewa harudi tena mechi hiyo. Mara themanini na tatu alitembea hadi pale pa kupigia, akamwinamia mwamuzi, akageuka akarudi. Nimejaribu kuziweka pamoja na mafanikio, nikazitoa. Nikaziweka pamoja na hasara, nikazitoa pia.

Aliyeteseka zaidi na fumbo hili ni mama yake, Bi. Fusae, mtengenezaji wa tofu, ile jibini ya maharage ya soya, huko Uwa. Kila mwaka huja kutazama mechi mbili au tatu, na kila mara huondoka kipindi cha saba kuwahi basi la mwisho, maana tofu haijui mapumziko. Kulala mjini hataki, na televisheni haitazami. Basi kwa miaka kumi na tisa amemwona mwanawe amekaa. Mwaka jana aliniuliza ana kwa ana, "Wewe mama wa kutangaza, niambie kweli. Huyu mtoto mmemweka awe mlinzi wa benchi?"

Bwana Katsurada hakuwahi kuomba kitu klabuni. Mwaka huu aliomba: mama amwone akipiga, mara moja tu. Kocha Iwabuchi alikubali. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, na ya mwisho kwake. "Utaingia kipindi cha tatu," Kocha alimwambia. "Wakimleta nani, wasimlete nani, unapiga wewe."

Kipindi cha tatu kikafika. Wachezaji wetu walikuwa wamesimama kwenye vituo vyote vitatu, na pigo moja zuri lingewarudisha wote na pointi. Kocha akatoka, nikatangaza, uwanja ukalipuka. Bi. Fusae alikuwa safu ya pili, mikono magotini. Wapinzani nao walikuwa wakipigania nafasi ya tatu, hawakuwa na muda wa kuagana na mtu. Wakamtoa mrushaji wao mkuu, jitu la karibu mita mbili, wakamleta wa kushoto.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Bwana Katsurada alimtazama yule wa kushoto, akainama, akageuka, akarudi benchi. Fukuzawa, mpigaji wetu wa kulia, alimwona anarudi, akainuka na gongo lake la kupigia. Kanuni inanitaka nisubiri mwamuzi anyanyue mkono. Sikusubiri. Nilimwona Fukuzawa yuko njiani, na mdomo wangu ukasema wenyewe: "Badala ya Katsurada, mpigaji ni Fukuzawa." Kocha Iwabuchi alikuwa bado anakunywa chai. Hakuna aliyekuwa ameamuru chochote, na kila mmoja wetu alikuwa ameifanya kazi yake barabara. Fukuzawa alikosa mipira mitatu mfululizo, kwa kuwa alikuwa analia.

Mapumziko ya kipindi cha saba yalipofika niliteremka, nikamkuta Bwana Katsurada amekaa kwenye ngazi za chini, gongo mapajani.

"Dada Asanuma," akasema, "hivi nilirudi kwa nini?"

"Sijui. Mimi nilitangaza kwa nini?"

Fukuzawa alikuwa amesimama ukutani. "Kaka, nilikuona unarudi. Nikasimama."

"Ulifanya sawa," akamjibu. "Ningekuwa wewe ningesimama." Kisha akauficha uso kwa kofia.

Nilipopanda ngazi kurudi, nilimkuta Bi. Fusae mlangoni pa chumba changu, mkoba begani, anaondoka. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Leo nimemwona," akasema. "Ametoka, hajainua hata ule mti wake, na lile jitu lao wakaliondoa. Kijana mwenye afya, anatupa mipira vizuri, wamemtoa kwa sababu Mitsuharu amesimama. Sasa kazi kama hiyo mbona hamkunieleza?"

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Nikatafuta kosa katika maneno yake, sikuliona. Mpaka leo ninalitafuta. Mara themanini na nne alitoka tu benchini, na wapinzani wakamwondoa mtu wao waliyekuwa wakimtegemea. Hilo limo kwenye vitabu vyetu vya mechi, kwa tarehe na kwa majina, na sisi wenye vitabu hatukuwahi kulisoma hivyo.

Nilimfikishia Bwana Katsurada maneno hayo baada ya mechi, tuliyofungwa nne kwa mbili. Alisikiliza, kisha akaniomba niyarudie, polepole, kwa sauti ileile ya uwanjani. Nikayarudia kwenye korido tupu, neno kwa neno. Alisimama wima mpaka nilipomaliza, akainama kama anavyomwinamia mwamuzi, na safari hii hakugeuka kurudi. Alilia pale pale mbele yangu, nami nikalia.

Bwana Katsurada, kwa niaba ya klabu nzima, ahsante kwa miaka kumi na tisa. Kwa niaba yangu mwenyewe, nakuomba radhi, ingawa umeshakataa mara mbili kuipokea. Tunakuombea afya, amani na siku nyingi za furaha. Na popote utakapoitwa baada ya hapa, awe amekuja wa kulia au wa kushoto, tafadhali baki.