Mzee Alpheus Kolevaka, Aliyeutembea Mpaka wa Zarakoe Mara Mbili

Mjukuu wake Delvina, aliyeandika maneno haya kwa niaba ya ukoo, alianza kumtambua babu yake kwa viatu. Katika kijiji ambamo kila mtu hutembea pekupeku, Babu Alpheus alivaa buti za kazi za idara ya misitu hata baada ya kustaafu, akaenda nazo kanisani na kuzivua mlangoni. Mkewe, Bibi Ruvena, alizihamisha kila Jumapili. “Bwana Misitu,” alimwambia, “viatu vyako vinanuka serikali. Viweke upande wa upepo.”

Marehemu Alpheus Kolevaka alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1951 katika kijiji cha Lumasira, kisiwani Choiseul, akiwa mtoto wa tatu wa Jotham na Sara Kolevaka wa ukoo wa Zarakoe. Mama yake alishikwa na uchungu akiwa shambani anachimba viazi. Mtoto aliletwa nyumbani ndani ya kapu, na viazi vikaachwa hukohuko.

Alisoma shule ya misheni ya kijijini, akiketi dawati moja na Nerisa Pukevo, binti wa ukoo wa Vokubele wa ng’ambo ya mto Sarelata. Nerisa alimshinda hesabu, na hakumruhusu kusahau jambo hilo maisha yake yote. Baada ya shule ya bweni, marehemu alijiunga na chuo cha misitu cha Bulolo, nchini Papua New Guinea, akahitimu mwaka 1973.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa ofisa misitu, na kwa miaka thelathini na miwili alipima miti katika visiwa vya Kolombangara, Isabel na Makira. Aliipenda kazi yake, ingawa haikukosa kumsumbua. Alikuwa akisema kwamba mti wa Choiseul hulazimika kusafiri kwanza hadi mji mkuu, Honiara, kwenye karatasi, ndipo uruhusiwe kuanguka. Na wanaoishi chini yake huwa wa mwisho kupata habari.

Tarehe 7 Julai 1979 alifunga ndoa na Ruvena, binti wa kisiwa cha Ranongga. Walijaliwa watoto watatu. Kwa kuwa kazi ilimtenga na nyumbani miezi mingi, Bibi Ruvena ndiye aliyelima na kulea, na marehemu hakuacha kulisema hilo mbele za watu.

Alistaafu mwaka 2006 akarudi Lumasira. Mwaka 2012 ukoo ulimchagua kuongoza kamati ya msitu. Kamati ilitaka jambo moja: Zarakoe wapewe kisheria mamlaka ya kuusimamia msitu wao, waweke walinzi wao, na pasiwe na msumeno wa kampuni utakaoingia bila idhini yao. Haraka ilikuwepo, kwani mashine za wakata magogo zilikuwa zimekwisha kuteremshwa kwenye ghuba ya jirani.

Hapo ndipo marehemu alipokosea, na mwenyewe aliagiza kosa hilo lisomwe leo. Mwaka 2016 aliwachukua vijana sita wa Zarakoe, wakapima mpaka kwa kifaa cha setilaiti, kama alivyozoea kazini. Ramani ilitoka safi. Serikali ilipotangaza kwamba mwenye pingamizi ajitokeze, Vokubele walijitokeza wote, na shughuli ikasimama. Mpaka wenye ugomvi haumlindi mtu, na wakata magogo walilijua hilo.

Marehemu alikaa na uchungu wake miaka miwili. Kisha alivuka mto, akamkuta Nerisa, ambaye sasa ni mkuu wa ukoo wake, akikausha kokwa za mngali, mti wa msituni ambao kokwa zake huliwa.

“Kumbe umeikumbuka njia,” alisema Mama Nerisa. “Ulipita mpakani peke yako kama nguruwe anayenyemelea viazi vya watu.”

“Hatukuwa peke yetu, dada. Tulikuwa saba.”

“Saba wenu. Na wetu walikuwa wangapi? Hesabu zako bado ni zilezile.”

“Kifaa kile hakidanganyi.”

“Sijasema kinadanganya. Nauliza, kilikula?”

Tangu mababu, mpaka wetu hutembewa na pande mbili. Katika kila mngali wa mpakani watu huketi, hupasua kokwa na kula pamoja, na aliyekula hapo hawezi kesho kuukana mti. Marehemu alilijua hilo tangu utotoni. Miaka ya kazi ilikuwa imemzoesha kupima kwanza na kuuliza baadaye.

Aliomba radhi. Mwezi Juni 2018 mpaka ulitembewa upya, Mama Nerisa akitangulia na marehemu akibeba jiwe la kupasulia.

“Kula,” aliambiwa kwenye mti wa kwanza.

“Sina meno, dada.”

“Hukuyahitaji ulipopita mara ya kwanza. Kula polepole, tutakusubiri.”

Matembezi hayo yaliisogeza mistari ya ramani. Zarakoe walipoteza kipande kando ya kijito, palipokuwa na bustani ya bibi yake marehemu mwenyewe. Vijana walinung’unika. “Babu, umegawa urithi wetu?” aliuliza Zebuloni, mwanawe wa mwisho, akimwita hivyo kwa kejeli. Marehemu alimjibu, “Bora msitu mdogo usio na kesi, mwanangu. Mkubwa wenye kesi una wenyewe, nao wana misumeno.” Leo Zebuloni ndiye kiongozi wa walinzi.

Mwaka jana, Agosti, moyo wake ulianza kudhoofika. Alitibiwa katika hospitali ya misheni, akaomba kurudishwa nyumbani. Februari mwaka huu barua ilifika ikisema kwamba kibali cha ukoo kuusimamia msitu kimetiwa saini na kitakabidhiwa hapa Lumasira. Alimtaka Delvina amsomee barua hiyo mara kadhaa, kisha akasema, “Nikitangulia, siku isisogezwe.” Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 12 Machi 2023, mkono wake ukiwa mikononi mwa Bibi Ruvena.

Ombi lake lilitutia mashakani, kwa sababu wageni wanaoleta kibali lazima walishwe, na wafiwa wa Zarakoe hawawashi moto wa karamu kabla ya kuondoa msiba. Usiku wa mkesha Mama Nerisa alisimama. “Nyinyi lieni,” alisema. “Wageni wenu watakula kwa mkono wa Vokubele. Nguruwe tumekwisha kuwafunga. Alpheus hakujua kupika hata hivyo.”

Marehemu ameacha mjane, Ruvena, watoto Hilda, Jotham na Zebuloni, wajukuu tisa, dada mmoja, Meriam, na koo mbili. Mungu amlaze kwa amani katika ardhi aliyoitunza.

Boti ya wageni wanaoleta kibali inatarajiwa Ijumaa baada ya Pasaka, tarehe 14 Aprili, maji yakijaa mlangoni mwa mto.