Kiwiko cha Mzee Mtelezo

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu mbele ya kibanda cha kinyozi, mguu wake mmoja umeegemezwa tofali, na pembeni birika la kahawa juu ya jiko la mkaa. Katikati ya benchi hukaa Mzee Mtelezo, na jina hilo hakujipa. Alilipata bendini, enzi zake, kwa lile gitaa la ajabu lisilobebwa kifuani kama magitaa ya watu. Lake linalazwa kama meza, mwenyewe anakaa nyuma yake. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa, na miguu inakanyaga vikanyagio kama mtu wa cherehani. Likilia, hata mwenye roho ngumu anakumbuka kwao. Sasa asubuhi hiyo Mzee Mtelezo alifika ameukumbatia mkono wa kulia kama mtoto mgonjwa, akapokea kikombe kwa kushoto, akatoa habari iliyonyamazisha mkasi.

— Jumamosi sipigi. Sijui nitamwambiaje binti yangu, lakini siwezi.

Wembe, kinyozi, alitoka mbio akamwacha mteja ndani na nusu kichwa.

— Hupigi? Harusi ya mwanao wa pekee? Na wimbo wa mama yake alioomba?

— Huohuo. Nikianza tu, bega linawaka moto. Mwanzoni nilisema ni msiba, utapita. Msiba umepoa, bega halijapoa.

Kusema kweli, msiba ulikuwa haujapoa hata kidogo. Lakini mtu aseme nini mbele ya wanaume wenzake?

Na kijiwe kile ukikiambia unaumwa, basi umekwisha. Kila mtu daktari.

— Kiti, alisema Sponji, fundi wa makochi, aliyekaa kuliani kwake. — Mimi sina maneno mengi. Kiti chako kifupi, mikono inapanda juu kama umekamatwa na polisi. Niletee nikiongeze sponji.

— Kiti kilekile miaka yote, bwana!

— Kiti kilekile, makalio siyo yaleyale. Umekonda, mzee. Umeshuka.

Wakacheka, na yeye akacheka nao. Ni kweli alikonda. Kupikia mtu mmoja kunachosha, na mara nyingi alilala na chai.

— Achana na kiti, alidakia Wembe. — Mimi nashinda nimeinua mikono juu ya vichwa vya watu, haya mambo nayajua. Unakunja kifundo cha mkono. Damu inafika pale inakuta njia imefungwa, inageuza, inarudi kulundikana begani.

— Damu inageuza, Wembe?

— Sasa ikae wapi?

— Ala! Basi mimi nabadili, alisema Sponji, aliyekuwa hana maneno mengi. — Ni vikanyagio. Miguu inakanyaga, magoti nayo yanasukuma vile vyuma vya pembeni, raha yote iko chini. Mkono umesuswa. Una wivu.

— Mkono una wivu!

— Cheka tu. Apige peku uone.

— Hapana, alisema Wembe, dawa ni kamba. Tunafunga kiwiko kwenye dari ya ukumbi, kinabembea chenyewe, yeye anadonoa tu.

— Loh! alisema Mama Birika, mwuza kahawa. — Bwana harusi aingie ukumbini amkute mkwe wake ananing'inia kama nyama buchani? Hebu acheni. Baba, tuonyeshe unavyokaa. Hawa wanatibu mtu hawajamtazama.

Mzee Mtelezo akaweka kikombe chini. Akanyoosha mgongo, akashusha mkono wa kushoto juu ya nyuzi zisizokuwepo, ukatulia vizuri. Wa kulia akauleta, na kiwiko kikapaa, kikaenda mbali na mbavu, kikasimama hewani. Sponji ikabidi asogee asichomwe nacho. Bega likaanza kutetemeka.

Hapo ndipo alipofika kijana mmoja, fundi wa friji, bwana harusi mwenyewe, katumwa kuulizia spika.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu. Subiri kidogo, tuko kwenye matibabu.

Kijana akasubiri. Akamtazama mkwewe, akatazama ile nafasi tupu chini ya kiwiko. Alikuwa mtu wa haya, akauliza kwa sauti ndogo:

— Baba, samahani. Huo mkono unampisha nani?

Sponji akatazama benchi pale aliposogea. Mama Birika, aliyemfahamu marehemu mke wa mzee, akageukia jiko.

Mzee Mtelezo aliutazama mkono wake mwenyewe kama wa mgeni. Kigoda. Mkewe alikuwa akiweka kigoda kuliani kwake kila alipofanya mazoezi, anafuma vitambaa vyake, na kiwiko kinatua begani kwake. "Mimi nimeolewa au nimefanywa meza?" alikuwa akimtania, lakini hakuhama. Alikaa pale bendi ilipovunjika, akakaa pale hadi mwaka ule alioanza kuugua. Na yeye mzee mzima alikuwa akijisifu kwa wenzake kwamba mkono wake mwepesi, hauchoki. Kumbe ulikuwa unabebwa.

— Mama yake, alisema mwishowe. — Alikuwa anakaa hapa.

Polepole akaanza kushusha kiwiko. Kilikataa mwanzo, kikashuka, kikagusa mbavu, kikatulia. Akachezesha vidole. Akakanyaga vumbi kwa mguu, akapiga hewani ubeti mzima wa ule wimbo, na midomo yake ikiufuata bila sauti. Bega halikuuma.

Basi hapo ndipo alipolia, mbele ya kijiwe kizima, machozi yakidondokea kwenye kikombe. Maana maumivu yale alikuwa ameyazoea, na yalipoondoka aliona yameondoka na mtu. Sponji akamshika goti. Wembe akajifanya ana kazi na mkasi wake.

— Birika limeisha, alisema Mama Birika. — Nendeni kazini.

Mzee Mtelezo akajifuta kwa kofia, akamshika mkwewe mkono ili asimame.

— Mwambie mke wako nitapiga. Spika ziwe mbili. Na nyumbani, nyuma ya mlango, kuna kigoda. Jumamosi ukiweke kuliani kwangu, mtu asikikalie.

— Na mkono, baba?

— Mkono nitaushusha. Yeye akae tu, apumzike.