Askari wa Bwana Shamba Melkizedeki

Mchungaji, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani na ninyi nyote mliopanda mlima kuja kumsindikiza mpendwa wetu, familia imetukabidhi historia yake tuisome, na Mama Irine, mjane wake, ametuagiza tusiruke mahali pa kucheka, kwa hiyo atakayecheka asione haya.

Marehemu Melkizedeki Eliezeri Mgonja alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 hapa Mamba, mtoto wa tatu wa Mzee Eliezeri na Mama Victoria, akabatizwa na kupata kipaimara katika usharika huu huu, akaanza shule hapa kijijini mwaka 1958, akasoma sekondari Moshi, na mwaka 1972 akahitimu chuo cha kilimo. Mwaka 1973 alipangiwa Kihurio, awe Bwana Shamba wa wakulima wa mpunga, akalilalamikia joto la kule mpaka siku aliyostaafu, mwaka 2010, akapanda kurudi hapa nyumbani kulima tangawizi.

Oktoba 1980 serikali ilimpeleka Bulgaria, katika mji wa Plovdiv, kusomea umwagiliaji. Nyumba aliyopanga ilikuwa na bustani ya nyanya, mwenye nyumba alikuwa bibi mtu mzima, na Mpare gani atakaa dirishani akitazama bibi analima peke yake, basi akashika jembe, na katika kulima ndipo zilipoanza kutoka sarafu za shaba za Warumi wa kale, zimeota ukijani na kuganda udongo, ambazo yule bibi alizoea kuzitupia kwenye kopo la kahawa. Julai 1982 wenzake walirudi nyumbani na redio na makoti, yeye akarudi na kopo lile, zawadi ya kuagwa, pamoja na kitabu kinene cha picha cha kuzitambulia.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na Ernesta, muuguzi wa wodi ya wazazi, wakajaliwa watoto wanne, Irine, Asheri, Agape na Elibariki. Ernesta alijua anaolewa na Bwana Shamba, hakuambiwa kwamba wafalme wa Roma nao watahamia, wengine wakilowekwa miezi mingi dirishani katika mafuta ya mzeituni ili udongo ulainike, wengine wakichokonolewa kwa mwiba wa mlimau juu ya meza ya chakula. Watoto wote wanne walikua na kanuni ya baba yao masikioni, kwamba usianze na jina, anza na unachokiona, je, kichwani ana taji la miale au la majani, ana ndevu au hana, upande wa pili amesimama nani, ameshika nini, herufi zipi zimebaki, halafu ndipo ufungue kitabu.

Mwaka 1994 Mama Victoria alishuka Kihurio kumsalimu mwanawe, akaona sarafu zimezama kwenye chupa ya mafuta, akahuzunika kwamba fedha ya watu inaoza, akazifuta vizuri na Jumapili akazitoa sadaka. Mhazini hakuzitambua, akazipeleka mnadani nje ya kanisa pamoja na kuku na mikungu ya ndizi, na Bwana Shamba ikambidi awakomboe wafalme wake mbele ya usharika mzima, akishindana na fundi baiskeli aliyezitaka azitoboe ziwe washa za kukazia nati. Mama Victoria alikufa akiamini kwamba mwanawe ni mtoaji mkubwa wa sadaka.

Mwaka baada ya mwaka sarafu zile zilipata majina, kila moja ikafungwa kwenye karatasi yenye jina lake, isipokuwa moja iliyosagika kuliko zote, sura ya mbele imefutika. Upande wa nyuma alisimama mtu mwenye vitu viwili mikononi, marehemu akasema ni askari na ngao zake, akamwita Askari, akatembea naye mfukoni toka Plovdiv, akawaonyesha wakulima, wachungaji na wakwe, na kwa kuwa kila mmoja aliambiwa kwanza "mwone Askari wangu", kila mmoja alimwona askari, Ernesta akiwemo. Askari wote wa kitabuni walipitiwa, hakuna aliyefanana naye.

Mwaka 2019 presha ya macho ilimpofusha. Hakulalamikia giza, ila alimwambia mkewe wazi kwamba anaogopa kufa akimwacha Askari bila jina, na hilo lilimuuma Ernesta kuliko alivyotegemea, yeye aliyeziita sarafu zile kutu kwa miaka yote. Basi akawa macho yake, jioni baada ya kazi za shamba la tangawizi wakikaa barazani, yeye akieleza, mumewe akisikiliza na kidole kikipapasa.

Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2024 Ernesta aliamua kumtendea Askari kama kanuni inavyotaka, akasahau jina, akatafuta anachokiona tu, akaigeuzia sarafu kwenye mwanga, kisha akasema, "Baba Irine, hizi si ngao. Huyu ni mama, amebeba vichanga viwili, na wengine wawili wamesimama miguuni pake." Irine, aliyekuwa amekuja kuwasalimu, alifungua kitabu kwenye kurasa za wake wa wafalme, ambamo baba yake hakuwahi kumtafuta Askari, akamkuta Faustina, mwenye nywele za mawimbi na fundo kisogoni, na nyuma yake yule mama na watoto wake wanne, pamoja na neno la Kilatini lenye maana ya uzazi, ambalo herufi zake tatu zilikuwa bado zipo kwenye sarafu. Marehemu alicheka mpaka machozi, akaomba asomewe tena, na tena, halafu akasema, "Mama Irine, kumbe ni wewe niliyekuwa nakubeba mfukoni."

Moyo wake ulikuwa umechoka tangu Agosti, na Jumatano tarehe 6 Novemba 2024, asubuhi, alilala akiwa nyumbani, mkono wake mkononi mwa mkewe. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Same, majirani waliopokezana kumbeba kwenye njia zetu hizi, wanakwaya, na maafisa kilimo wenzake waliopanda kutoka Kihurio.

Jana Ernesta aliandika jina la Faustina kwenye karatasi ya mwisho, lakini karatasi hiyo haina kitu ndani, kwa sababu sarafu yenyewe iko katika mfuko wa koti alilovalishwa, mahali pake pa siku zote.

Pumzika kwa amani, Bwana Shamba, hujaenda peke yako.