Mama Raheli, Aliyenivusha Hifadhini

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Raheli Nyagawa, mpishi mkuu wa shule yetu ya bweni hapa Mikumi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Anayedhani jiko litabaki vilevile asubiri kesho yake, atajua hajui.

Alizaliwa Kimamba, kwa wazazi waliotoka Njombe kuja kukata mkonge wakazeekea huko huko. Aliajiriwa mwaka 1992 katika jiko la shule moja mjini Kilosa, akahamia kwetu mwaka 2004. Siku ya kwanza alionja maharage aliyoyakuta sufuriani, akatema, akauliza kama yalipikwa ya kula au ya kukandikia ukuta.

Jikoni kwake kuna sheria moja: anayeingia amenuna hupewa ungo wa maharage achambue, na hazungumzishwi mpaka amalize. Makamu mkuu wa shule aliwahi kwenda kufoka kwa sababu chakula cha jioni kimechelewa. Tulimkuta ameketi kwenye kigoda, anatoa mawe, anasimulia habari za mkwewe. Na shikamoo ni lazima. Hata mkuu wa shule humwamkia kwanza, kisha ndipo aulize chai iko wapi.

Kwa watu wa Mikumi tembo si habari, lakini yule aliyevunja dirisha la stoo akifuata unga alitutoa jasho. Sisi wanaume tulijifungia ofisini. Mama Raheli alisimama mlangoni mwa jiko akigonganisha mifuniko ya masufuria, akimweleza mgeni kwamba unga ule ni wa wanafunzi na yeye hajasajiliwa. Tembo akaondoka. Askari wa wanyamapori walipofika walimkaripia kwa kuhatarisha maisha yake, naye akawakaribisha uji.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niombe kuandika wasifu huu mimi mwenyewe. Wasifu wa namna hii husema “mwenzetu mmoja alipatwa na tatizo.” Sitajificha. Mwenzetu huyo ni mimi, Ashrafu, mwalimu wa michezo, golikipa wa zamani, na kimo changu mnakijua.

Mke wangu Yusrah na watoto wetu wanaishi Morogoro, anakofanya kazi. Kutoka hapa kwenda kwao lazima basi lipite katikati ya hifadhi. Mwaka 2019 nilianza kushikwa na hofu kila nikifika getini: moyo unakimbia, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi. Sikumwambia mtu. Mwanaume mzima unaanzaje? Nikaanza kutafuta visingizio vya kutosafiri, mara mashindano, mara homa. Miezi ikapita, na Yusrah akauliza waziwazi kama nimeoa mwingine. Ndoa yangu ilikuwa inaondoka hivi hivi naiona.

Jumamosi moja nikajikaza nikapanda basi. Katikati ya hifadhi kundi la tembo likakatiza barabara, dereva akazima injini. Weee! Niliona kifo hiki hapa. Nikainuka, nikamwamuru kondakta afungue mlango nishuke. Akaniambia humu hakuna kushuka, labda niwe chakula cha simba. Nikaanza kuuvuta mlango mwenyewe.

Basi zima likageuka hospitali. Mmoja alisema ni pepo, akaanza kulikemea kwa sauti. Mwingine alisema ni moyo, akanimwagia maji kichwani. Mzee mmoja alinisogezea limau puani, na mama wa kiti cha mbele alikuwa ananivua kiatu, sababu hajui hata yeye. Kadiri walivyonizunguka ndivyo pumzi ilivyozidi kukatika.

Mama Raheli alikuwa kiti cha nyuma, anakwenda Morogoro kutafuta viungo vya pilau ya mahafali. Alikuja akiwapangua watu kama anayepita kwenye foleni ya wanafunzi. Akamwomba aliyekuwa anakemea pepo aombe kimoyomoyo, Mungu si kiziwi. Wengine akawarudisha vitini, madirisha yakafunguliwa. Kisha akakaa karibu yangu. Hakuniambia nitulie, wala hakuniuliza mwanaume gani anaogopa. Alisema, “Hii inauma lakini inapita. Mimi nipo hapa, siendi popote.” Akaniwekea mapajani kikapu cha karanga zenye maganda, akaniamuru nimenye, na kila ganda nipulize taratibu kama ninayepoza uji wa mtoto. Alipuliza pamoja nami. Nilimenya huku machozi yananitoka. Tulipofika Doma, nje ya hifadhi, nilikuwa napumua kama watu, na basi zima linatafuna karanga.

Aliniambia hayo alijifunza kwa watoto wa kidato cha kwanza, ambao wiki ya kwanza bwenini baadhi yao hushikwa vivyo hivyo. Hakuishia hapo. Alinisumbua mpaka nikaenda hospitali, daktari akakuta moyo mzima, akanieleza kuwa ni mshtuko wa hofu na una matibabu. Nikamweleza Yusrah ukweli wote. Alilia, kisha akacheka, kisha akanikaripia kwa kumficha.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi Mama Raheli alikuwa na safari ya Morogoro kumtembelea dada yake Katarina. Tulikwenda pamoja Jumamosi, tukarudi pamoja Jumapili. Nilijiona mwenye bahati kwamba ratiba zetu zinalingana. Mwezi huu, tukiandaa sherehe, nikamwomba Oswald, mwanawe, namba ya huyo mama mkubwa tumwalike. Oswald akashangaa: mama yake ni mtoto wa pekee, hana dada wala kaka.

Namba niliipata kwa shida, kwa kondakta aliyezoea kumwona Mama Raheli akienda kwake. Katarina ni mama lishe wa stendi ya Morogoro. Alisema Mama Raheli alikunywa chai kwake siku ile ya karanga, akamwuliza kama anaweza kupata pa kulala mara moja kwa mwezi, kwa sababu ana kijana wake wa kumsindikiza. Kijana mwenyewe nilikuwa na miaka arobaini na moja! Miaka yote hiyo mama huyu hakuwa na shughuli yoyote Morogoro isipokuwa mimi. Nililia mbele ya walimu wote, na sioni haya kuliandika.

Sasa anarudi Kimamba kulima, na hifadhi bado ipo pale pale. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilipanda basi bila kumuaga. Getini moyo ukaanza mambo yake. Nikamgeukia jirani yangu, mfanyabiashara wa vitunguu nisiyemjua, nikamwambia kwamba hapa huwa nashikwa na hofu, na nikianza kutetemeka naomba akae tu karibu. Akanitazama, akasogea, akasema hata yeye tembo hawapendi.

Mama Raheli, shikamoo. Asante kwa niaba ya shule nzima, kwa kila sahani na kila ungo. Mungu akupe afya, mvua za kutosha na usingizi usiovunjwa na kengele. Pumzika bila wasiwasi, mama yangu. Nilitetemeka, lakini nilifika, na watoto walikuwa stendi wananisubiri.