Bi Ngoja na Utepe wa Kaunta

Kosa wanalofanya wengi wakiona gundi imeganda mezani ni kukimbilia kisu. Gundi hutoka, kweli, lakini huondoka na vanishi, na mkwaruzo hauna sabuni. Mwenzetu tunayemuaga Ijumaa hii, tarehe 28, ameikinga hoteli yetu na visu kwa miaka thelathini na miwili.

Aliajiriwa kufua mashuka, akahamia usafi wa vyumba, akapanda hadi usimamizi. Jina lake rasmi huenda analijua mhasibu peke yake. Sisi tunamwita Bi Ngoja, maana kila aliyekamata brashi ya chuma alisikia neno hilo mgongoni. Ukoko wa sufuria aliulowesha. Chokaa ya bomba aliizungushia kitambaa chenye siki, akaenda zake kutandika vitanda.

Dereva wetu alipenda kumtania kwamba haraka haina baraka ni methali, si dawa ya madoa. Bi Ngoja akamjibu kwamba ndiyo maana kioo cha gari lake kina mistari mingi kuliko daftari.

Kaunta mpya ya mapokezi ilipokuja, binti wa mapokezi alibandika tangazo juu yake kwa utepe wenye gundi pande mbili. Lilipobanduliwa, likaacha utando mweusi. Meneja akatamka mbele yetu sote kwamba kaunta ikiharibika, binti atafute kazi kwingine. Binti akaanza kulia, dereva akaleta bisibisi.

Bi Ngoja alimpokonya bisibisi hiyo. Akapaka mafuta ya kupikia kwenye utando, akafunika kwa kitambaa, akavuta kiti na kukaa pale kama mlinzi wa benki. Meneja alipita akikohoa, akapita tena. Bi Ngoja hakuinuka. Gundi ilipolainika, aliifuta taratibu, akamalizia kwa maji ya sabuni na kitambaa kikavu. Kaunta ikang'aa, na meneja akakumbuka ana simu ya kupiga. Binti yule ndiye anayekabidhiwa funguo za stoo ya usafi Ijumaa.

Asante, Bi Ngoja, kwa kutufundisha kungoja bila kukaa bure. Nenda ukapumzike kwa afya, wajukuu wakuchekeshe, na sufuria zao zisikutoe jasho.

Nanyi wenzangu, kwa furaha tumebandika picha yake kwenye mlango wa mbao wa ukumbi, kwa utepe uleule. Siku ya kuibandua, kabla ya yeyote kushika kisu, pakeni mafuta, mngoje.